Bomba la Moshi Lisilo na Mwenyewe

Saa nne usiku, wateja wa mwisho wakishafungiwa chipsi zao, jikoni huanza kazi nyingine. Sakafu inamwagiwa maji ya sabuni, meza inafutwa, karai linafunikwa, mtungi wa gesi unafungwa. Kijana wa jikoni akiwa mwaminifu hupitisha kitambaa hata kwenye ile kofia ya bati inayoning'inia juu ya majiko na kuvuta moshi. Kitambaa kinaishia ukingoni. Juu ya ukingo kuna vichujio, juu ya vichujio kuna feni na bomba, na bomba hilo linapenya dari, linapita katikati ya mbao za kenchi, linatoboa bati na kutokea nje. Huko juu hafiki mtu. Siku fundi akiingiza mkono na kupapasa ukuta wa ndani wa bomba, kidole kinarudi na utando wa kahawia iliyokolea, unaonata kama ulimbo, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua jana, juzi na mwaka jana.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu utando huo. Yanahusu pia karatasi iliyolala kwenye droo ya kaunta, hati ya bima ya moto. Kutoka droo mpaka bomba ni hatua kumi tu, lakini katika migahawa mingi vitu hivyo viwili havijawahi kukutanishwa, mpaka siku ya moto.

Tabora ni mji uliokua kwa kulisha wasafiri. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamemaliza siku 134 njiani kutoka pwani. Walichokifuata hapo ni kile kile kilichofuatwa na kila msafara wa Bagamoyo na Ujiji: kupumzika, kutafuta wapagazi wapya na kula chakula kilichopikwa kwa utulivu. Chakula hicho kilipikwa juu ya mafiga, nje, moshi ukienda unakotaka. Ndani ya msonge wa Kinyamwezi moto ulikuwepo pia, lakini paa la nyasi lilipitisha moshi taratibu, na masizi yaliyoganda kwenye fito yalikuwa na kazi yake. Yalifukuza wadudu waharibifu, yakalinda nyasi, yakahifadhi mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya jiko. Kwa bibi wa enzi hizo masizi yalikuwa mlinzi wa nyumba. Huenda ndiyo maana hata leo mtu akiona jiko jeusi haogopi. Anaona jiko lililofanya kazi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Njia ya wapagazi ikawa njia panda ya treni. Sasa inajengwa reli ya kisasa, na mkataba wa kipande cha kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kila reli huja na walaji wake: mafundi, madereva, wafanyabiashara, abiria wanaosubiri. Na walaji huzaa majiko.

Kilichobadilika hasa ni paa. Mama lishe aliyekuwa chini ya mwembe amepanga fremu. Fremu ina dari ya jipsamu, taa, televisheni, na majirani ukuta kwa ukuta, saluni upande huu, duka la simu upande ule. Jiko limeingia ndani na moshi wake, na moshi umetafutiwa bomba. Wakati huohuo Serikali inahimiza gesi na umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni habari njema kwa mapafu ya wapishi, na kwa misitu ya miombo iliyobaki mkoani Tabora. Ila gesi inaondoa moshi wa kuni, haiondoi mvuke wa mafuta. Karai la chipsi linatoa mvuke uleule likiwa juu ya mkaa au juu ya gesi. Tena kwenye gesi hatari inajificha zaidi, kwa kuwa ukuta unabaki mweupe, na mwenye mgahawa akitazama ukuta mweupe anaamini bomba nalo ni jeupe.

Mafuta yenyewe yana tabia zake, na mji huu unayapokea kutoka pande zote mbili za reli. Kutoka magharibi, Kigoma, yanakuja mawese. Kutoka mashariki, Singida na Dodoma, yanakuja mafuta ya alizeti. Karibu nusu ya mawese ni yale mafuta mazito yanayoganda kirahisi. Mama yeyote wa Tabora amewahi kulazimika kuweka dumu la mawese juani asubuhi ya Julai ndipo limiminike. Mvuke wake ukipanda bombani na kukutana na bati lililopoa kwa baridi ya usiku, unaganda palepale, tabaka juu ya tabaka, kama nta ya mshumaa. Alizeti haigandi hivyo. Yenyewe hushikana na hewa na joto, ikakauka na kuwa kama vanishi, ngumu, inayong'aa, isiyotoka kwa kitambaa wala kwa maji ya moto matupu. Mpishi anayechanganya mafuta hayo kufuata bei ya sokoni ana nta na vanishi katika bomba moja, na juu ya hapo masizi ya mishikaki iliyochomwa pembeni kwa mkaa.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Bani la kukaushia tumbaku lina tanuri nje na mabomba ya joto yanayozunguka ndani, chini ya majani yaliyotundikwa kwenye fito. Jani moja kavu likidondoka juu ya bomba la moto, kazi ya msimu mzima inaweza kuwa majivu kabla watu hawajaamka. Ndiyo maana mkulima makini hutazama mabomba yake kabla ya kupakia majani, na hulilinda bani usiku. Mkulima huyo huyo akija mjini na kufungua mgahawa kwa fedha ya tumbaku, bomba lake jipya liko juu ya dari asipoliona, na hakuna anayelilinda.

Moto wa bomba huanza hivi. Mafuta ya kukaangia yakiachwa jikoni bila mtu, yanapita joto la kukaangia, yanaanza kutoa moshi wa buluu, na yakifika nyuzi 360 hivi za Selsiasi yanajiwasha yenyewe, pasipo kiberiti. Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi, yaliyochoka na kuwa meusi, huwaka mapema zaidi ya hapo. Ndimi za moto zinapanda mpaka kwenye kofia, na feni iliyowekwa kuvuta moshi inavuta moto kwa bidii ileile. Utando uliomo bombani unashika. Hapo bomba linageuka tanuri la kusimama, hewa ikiingia chini na moto ukitoka juu, na joto linaweza kuvuka nyuzi 1,000. Bati jembamba linapinda na maungio yanaachia. Mbao za kenchi zilizopakana nalo, zilizokaushwa na joto la miaka, hazihitaji kuguswa na ndimi, joto linatosha.

Na anayekimbilia ndoo ya maji anazidisha balaa. Tone la maji likizama kwenye mafuta ya moto linageuka mvuke ghafla, na mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yaliyouzaa. Karai linalipuka na mafuta yanaruka mpaka usoni. Kinachotakiwa ni mfuniko au blanketi la moto, gesi ifungwe, feni izimwe, watu watoke, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipigwe mapema, hata kama moto wa karai umeonekana kuzimika, kwa sababu ule wa bombani hauonekani kutoka chini.

Kutoonekana huko ndiko kulikoua watu Boston, Marekani, tarehe 29 Agosti 2007. Katika mgahawa wa Kichina mtaa wa West Roxbury, mafuta yaliyorundikana kwenye mfumo wa kutolea moshi yalishika moto, na moto ukajificha juu ya dari muda mrefu kabla watu wa chini hawajaujua. Askari wa zimamoto walipoingia ndani, moto ule uliwashukia kwa kishindo, na wawili wakafa. Miaka kumi kabla, Desemba 1997, moto wa jiko la mgahawa mmoja katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, uliingia kwenye bomba la kutolea moshi na kuvuruga safari za maelfu ya abiria. Uwanja mkubwa vile ulitikiswa na mafuta ya kukaangia.

Taasisi ya kinga ya moto ya Marekani iitwayo NFPA ilipokusanya takwimu za moto katika migahawa na baa za nchi hiyo kati ya 2010 na 2014, ilikuta asilimia 61 umeanzia kwenye vifaa vya kupikia, na kwamba kutosafisha kulichangia asilimia 22. Taasisi hiyo hiyo ndiyo iliyoandika kanuni inayofuatwa na nchi nyingi kuhusu mabomba ya jikoni. Kanuni hiyo inapima kwa aina ya upishi, na hapo ina busara kubwa. Jiko la kuni au mkaa likaguliwe kila mwezi. Jiko linalokaanga kwa wingi au linalofanya kazi usiku na mchana, kila miezi mitatu. Mgahawa wa kawaida, kila miezi sita. Jiko la kanisa au la kambi ya msimu, mara moja kwa mwaka. Inataka pia bomba likae mbali na mbao kwa sentimeta 46 hivi, na liwe na milango midogo ya kupitisha mkono na taa, ili sehemu zote zifikike.

Milango hiyo ndiyo mwandishi wa mazungumzo haya angependa mafundi bati wa Tabora waifikirie kwanza. Fundi anayekunja bomba kwa nyundo na kigogo anaweza kukata tundu la mraba, akatengeneza kifuniko cha bati lenye unene uleule, akakifunga kwa skrubu na kuziba ukingo kwa kamba isiyoungua. Ni kazi ya mchana mmoja. Bila tundu hilo, anayeitwa kusafisha anasafisha mita moja ya chini na mita moja ya juu, halafu anaondoka na malipo ya bomba zima. Mahali pachafu kupita pote ni kwenye kona, bomba linapolala kupita juu ya dari. Pale mvuke unapunguza mwendo, mafuta yanatua na kutuama, na ndipo pasipofikika.

Kuhusu usafi wenyewe, watu wa njia hii ya reli wana ujuzi wa zamani kuliko wanavyofikiri. Kigoma watu hutengeneza sabuni kwa mawese. Mafuta yakikutana na magadi makali hugeuka sabuni, na sabuni huyeyuka majini. Anayesafisha bomba hufanya jambo hilo hilo: anapeleka dawa kali na maji ya moto kwenye mafuta yaliyoganda, yanageuka sabuni, yanateremka. Vichujio vinalowekwa hivyo hivyo kwenye pipa la maji ya moto, kila wiki au hata kila usiku pale wanapokaanga sana. Anayefanya kazi hii avae glavu na miwani, maana dawa hiyo haichagui kati ya mafuta ya bomba na ngozi ya mkono, na umeme na gesi vizimwe kabla mtu hajapanda.

Jambo la kupendeza ni kwamba hata mtungi unaofaa kuzimia mafuta unatumia siri hiyohiyo. Ndani yake kuna maji yenye chumvi za potasiamu, ndugu wa kile kinachopatikana kwenye majivu ya kuni. Dawa hiyo ikinyunyiziwa juu ya mafuta yanayowaka, uso wa mafuta unageuka povu la sabuni, hewa inakatika na joto linashuka. Mitungi mingi myekundu inayoning'inia kwenye migahawa yetu ni ya poda kavu. Poda inaweza kuangusha ndimi za moto, lakini haipozi mafuta, na mafuta yasiyopozwa huwaka tena mara poda inapotulia. Kabla ya kununua mtungi wa jikoni, mtu amuulize mkaguzi wa zimamoto swali hilo moja: je, huu ni wa mafuta ya kupikia?

Sasa ile karatasi ya kwenye droo.

Bima ya moto yenyewe ilizaliwa jikoni. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza kwenye tanuri la mwoka mikate wa London, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1680 Nicholas Barbon akafungua ofisi ya kukatia nyumba bima ya moto, na mwenye nyumba ya matofali alilipa nusu ya kiwango alicholipa mwenye nyumba ya mbao. Tangu siku hiyo bei ya bima imefuata namna kitu kilivyojengwa na kinavyotunzwa.

Njia ya misafara ilikuwa na hesabu yake. Vitambaa na shanga vilivyopanda kutoka pwani mara nyingi vilikuwa vya mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, na riba ilikuwa kubwa kwa sababu hatari ilikuwa kubwa. Agosti 1871, mtemi Mirambo alipoushambulia mji wa Tabora, sehemu ya mji iliungua na mfanyabiashara Khamis bin Abdullah akauawa. Aliyeunguliwa na mali ya mkopo aliunguliwa yeye, na deni lilimngoja pwani. Hali hiyo si ya kale sana. Mfanyabiashara wa leo aliyekopa benki akajaza mgahawa majokofu na majiko, kisha ukaungua usiku mmoja, anasimama mahali palepale, kama hana bima, au kama ana bima isiyolipa.

Nchini Tanzania, baada ya miaka mingi ya shirika moja la taifa, soko la bima lilifunguliwa miaka ya 1990, na sasa linasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Sheria ya Fedha ya 2022 iliongeza kitu kikubwa: masoko ya umma na majengo ya biashara yaliwekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo ni lazima vikatiwe bima, pamoja na vivuko, vyombo vya majini na bidhaa zinazoingizwa nchini. Mwaka mmoja nyuma, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, nchi nzima ilikuwa imeona Soko Kuu la Kariakoo likiwaka. Kwa hiyo mwenye jengo lenye fremu kando ya barabara ya stesheni hana tena uchaguzi wa kukata au kutokata. Uchaguzi alionao ni wa kusema ukweli au kuuficha.

Ukweli ndio mhimili wa mkataba wa bima. Katika mkataba mwingine wowote, kila mtu anajiangalia. Kwenye bima sheria inamtaka anayekata bima aeleze kila jambo kubwa linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni, hata asipoulizwa. Hapo watu wengi hujikwaa bila nia mbaya. Fremu ilikatiwa bima ikiwa duka la nguo. Mwaka uliofuata mpangaji mpya akaleta karai na jiko la mishikaki, akatoboa dari kupitisha bomba. Ada ya bima ikalipwa upya kwa karatasi ileile, "duka la nguo". Siku ya moto mtathmini wa hasara anafika, anakuta chumba chenye majiko manne, na anafungua hati inayosema vitambaa. Hata kampuni yenye moyo mwema ina sababu ya kisheria ya kukataa, kwa kuwa hatari iliyoungua siyo ile iliyokubali kuibeba.

Hata jengo likiandikwa mgahawa, hati za moto kwa kawaida huwa na sharti la kumtaka mwenye mali achukue tahadhari za busara, na kampuni nyingine duniani huandika wazi kwamba bomba la moshi lisafishwe kila baada ya muda fulani na kumbukumbu zitunzwe. Sharti likivunjwa, dai linaweza kupunguzwa au kukataliwa. Aliyekata bima hutia saini bila kusoma ukurasa huo. Pengine upo kwa Kiingereza cha mawakili, na wakala ana haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Hili ni kosa la mfumo mzima. Mtu anayeuza chipsi kwa Kiswahili, anayekodi kwa Kiswahili na kulipa kodi kwa Kiswahili ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili sharti litakaloamua kama watoto wake wataendelea na shule baada ya moto. Asipoelezwa, amwombe wakala aandike kwa mkono, kwenye karatasi ya kawaida, mambo mawili: bomba lisafishwe mara ngapi, na ushahidi gani utakubaliwa.

Ushahidi hauhitaji kuwa mkubwa. Daftari la kurasa 48 linatosha: tarehe, aliyesafisha, sehemu alizofika na alizoshindwa kufika, na risiti yake imebandikwa. Picha ya simu kabla ya kusafisha na baada, iliyopigwa kupitia lile tundu la fundi bati, ina nguvu kuliko maneno mengi. Daftari hilo lisikae jikoni. Likikaa jikoni litaungua pamoja na jiko.

Kuna hesabu nyingine inayoumiza watu, nayo ni bima pungufu. Tuseme vifaa vyote vya mgahawa vina thamani ya shilingi milioni 40, lakini mwenyewe, ili apunguze ada, amevikatia milioni 20. Moto ukaunguza vya milioni 10 tu. Anadhani atalipwa milioni 10, kwa kuwa ziko chini ya 20. Lakini hati nyingi zina kanuni ya uwiano: amebeba nusu ya hatari mwenyewe, basi nusu ya hasara ni yake. Analipwa milioni 5. Na mapato ya miezi mitatu ya kufunga mlango hayamo kabisa, isipokuwa kama alinunua kinga ya kusimama kwa biashara, ambayo huuzwa kando.

Akiona ameonewa, hajafika mwisho wa njia. Sheria ya Bima iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA hupokea malalamiko. Huko nako, kitu cha kwanza kutakiwa ni karatasi.

Limebaki lile linaloyapa mazungumzo haya jina lake. Bomba la moshi ni la nani? Mwenye nyumba anasema ni la mpangaji, maana ndiye anayepika. Mpangaji anasema ni la mwenye nyumba, kwa kuwa limechomekwa kwenye paa lake, na alilikuta pale alipohamia. Mpangaji aliyetangulia, aliyekaanga humo miaka minne, amehamia Nzega. Wakati huohuo kampuni ya bima ya mwenye nyumba ikishalipa jengo lililoungua, ina haki ya kumgeukia aliyesababisha kwa uzembe na kumdai fedha iliyotoa. Kwa hiyo mpangaji aliyedhani bima ya jengo inamkinga, anaweza kupokea barua ya wakili kutoka kampuni ileile. Saluni na duka la simu la jirani nao wana mawakili.

Mikataba mingi ya fremu ni ya ukurasa mmoja au miwili. Inataja kodi ya miezi sita au mwaka, bili ya umeme, bili ya maji, taka, na notisi ya kuhama. Kati ya mstari wa maji na mstari wa taka pana nafasi ya kuandika kwamba bomba la moshi litafunguliwa na kusafishwa kila baada ya miezi mitatu, nani atapanda juu ya bati, nani atalipa, na kwamba mpangaji mpya atalikagua kwa tochi, pamoja na mwenye nyumba, kabla ya kukabidhiwa ufunguo.